Laptopu Haina Usingizi

Nilirudi shuleni Myamba kutoka semina ya kompyuta Mwanga nikitembea kama mkaguzi. Mwalimu mkuu alikuwa anatafuta wa kumkabidhi laptopu mpya ya shule, na nani zaidi yangu? Kabla ya kikao nilijifungia nayo stoo, nikajirekodi hotuba ya shukrani. Nilikuwa bado naisikiliza nilipoitwa, nikafunga kifuniko, nikaenda nayo kikaoni.

"Tazameni," niliwaambia walimu. "Ukishaifunga hivi, imezimika. Haili chaji hata kidogo."

"Isije ikawa imelala tu," alisema Mwalimu Nakijwa.

"Dada, laptopu haina usingizi."

Nikaifungua waone inavyowaka upya. Sauti yangu ikaendelea pale ilipoishia: "Na kwa kweli, mwalimu mkuu, hukuwa na mwingine wa kumchagua."