Furushi la Masikio Mawili

Kitanda ambacho hukukitandika mwenyewe si kitanda. Hiyo ndiyo ilikuwa dini ya pili ya Mama Mashuka, na jina lenyewe linakueleza kazi aliyoifanya mpaka akastaafu: dobi wa hospitali. Watu wengine wakistaafu hulima bustani. Yeye aliendelea kufua vya kwake, vya majirani, na mapazia ambayo hayakuwa yamemkosea mtu.

Mumewe, Fundi, alikuwa na kibanda cha kutengeneza baiskeli, na huko ndiko mambo yalikoanza kwenda mrama. Miezi michache kabla ya safari hii alisahau kukaza nati za gurudumu la mbele. Mwalimu mmoja, jirani yao, akashuka nayo mteremko, gurudumu likashika njia yake na mwalimu yake. Alivunjika mkono. Tangu siku hiyo Fundi hakupata usingizi wa maana, na kifungua mimba wao, kijana wa kazi za ofisini asiyekosa neno la kusema, akataka kibanda kifungwe na mzee ahamie kwake.

Walibishana mpaka wakachoka, halafu wakapatana. Wazee hawajawahi kwenda likizo tangu waoane. Basi waende mji mkuu, wawili peke yao, Fundi ndiye aongoze njia.

"Ukienda ukarudi bila kupotea, Baba, sitalisema tena," kijana alisema. "Ukipotea hata mara moja, kibanda unafunga."

Fundi akakubali. Asichokijua ni kwamba mkewe alikuwa upande wa mtoto. Hakumwambia mtu, lakini moyoni aliomba mumewe apotee kidogo tu, kwenye kona isiyo na hatari, apumzike kabla hajaua mtu. Mke anayempenda mumewe anaweza kuomba mambo ya ajabu.

Treni iliwashusha mchana, nao wakasimama katikati ya ukumbi wa stesheni wakigongwa mabega na wenye haraka zao. Milango ya kutokea ilikuwa mingi na yote inafanana. Ngazi zilikuwa zinatembea zenyewe, zinapanda na watu waliosimama tuli, na Mama Mashuka hakujua aanze na mguu upi. Alishika begi lao kwa mikono miwili.

"Tunatokea wapi, Fundi?"

"Subiri kidogo, mama."

Akasubiri, na ile dua yake ikamjia mdomoni. Mara Fundi akamwona mtu anasukuma baiskeli.

"Twende nyuma ya yule. Mwenye baiskeli hatafuti ngazi, anatafuta barabara."

Na kweli wakatokea barabarani, na hoteli ikapatikana bila kuuliza. Mama Mashuka alifurahi, akakasirika, akashindwa kujua kipi kimetangulia.

Mapokezi palikuwa na binti mchangamfu aliyewaamkia vizuri. "Karibuni wazazi wangu. Mkitoka, ufunguo mnauacha hapa mezani." Chumba kilikuwa ghorofa ya tatu, mlango wa mwisho, na kitasa chake kilicheza kama jino la mtoto. Fundi akachomoa bisibisi mfukoni mwa koti. Hajawahi kutoka nyumbani bila bisibisi, hata siku ya harusi yake alikuwa nayo. Akapiga magoti mlangoni, akakaza.

Huku nyuma Mama Mashuka alishafunua kitanda. Akainusa shuka. Haikuwa chafu, ilikuwa tu imekaa sana kabatini, ila kwake yeye hilo na uchafu ni baba mmoja mama mmoja. Akang'oa shuka, foronya, na kile kitambaa cha bluu cha juu, akavifunga furushi la kihospitali: pembe mbili kwa pembe mbili, mafundo yamesimama juu kama masikio. Akaliweka koridoni, kando ya mlango, kama alivyowafundisha manesi wa wodi zote. Mashuka yake mwenyewe yalikuwamo begini.

"Si utandike kabisa," Fundi alisema.

"Godoro lipate hewa kwanza."

Wakatoka kutembea. Begi wakalibeba, maana Mama Mashuka hamwachii begi lake mtu asiyemjua. Ufunguo wakauacha mezani kama walivyoambiwa, ingawa yule binti alikuwa anaongea na simu na hakuinua hata macho.

Mji mkuu ulimchanganya Mama Mashuka kila hatua. Majengo ya vioo yalimwonyesha sura yake mwenyewe kila alipogeuka, mpaka akamwamkia mwanamke mmoja kumbe ni yeye. Mitaa ilizunguka ikarudi ilikotoka. Fundi, yeye, alitembea ameinua kichwa, na jua lilipoanza kulegea akasema turudi, wakarudi, kona baada ya kona, bila kubabaika. Mlango wa hoteli ukawa mbele yao.

Mezani hakuwapo tena yule binti. Alikuwapo kijana mwenye tai.

"Ufunguo wa chumba cha mwisho, ghorofa ya tatu," Fundi alisema.

Kijana akaangalia nyuma yake. "Kile kina mtu, mzee."

"Mtu ndio sisi."

"Hapana, mzee wangu. Kuna mgeni ameingia sasa hivi."

Fundi hakubishana, akapanda ngazi, mkewe nyuma yake. Alipogonga mlango wa mwisho, alifungua mwanamume aliyevaa fulana, povu la sabuni shavu moja. Nyuma yake kitanda kilikuwa kimetandikwa kitambaa cha kahawia.

"Chetu kilikuwa cha bluu," Mama Mashuka alinong'ona. "Fundi, hii siyo hoteli yetu."

"Ndiyo hii. Kitasa hiki nimekikaza mwenyewe."

"Mzee, samahani," yule mgeni alisema kwa upole, na upole wake ndio uliouma. "Hiki ni chumba changu."

Wakashuka. Wakatoka nje, wakaingia jengo la pili lenye mlango wa kioo kama ule ule, kumbe ni ofisi ya bima, mlinzi akawatoa. Wakarudi tena kwa yule kijana mwenye tai. Sasa Mama Mashuka mwenyewe hakujua tena wako wapi. Alijaribu kukumbuka sura ya yule binti, ikamkataa.

Fundi aliketi kwenye kochi la mapokezi, begi mapajani.

"Mama, tulifika hapa kweli? Au nimeota tu?"

Dua ilikuwa imejibiwa, na Mama Mashuka hakuipenda sura ya majibu. Aliona vidole vya mumewe vinatafuta namba ya simu, vinakosea, vinaanza upya.

"Mwanangu," Fundi alisema simuni. "Nimepotea. Nimekaa ndani ya hoteli na sijui ni hoteli gani. Kibanda nitakifunga."

Alikata simu. Akatoa bisibisi mfukoni, akaitazama, akamwekea mkewe kiganjani. "Kaa nayo wewe. Mimi sina kazi nayo tena."

Wakati huo huo mlango wa pembeni ukafunguliwa, mfanyakazi wa usafi akapita anasukuma kigari cha nguo za kufua. Juu kabisa lilikaa furushi la bluu lenye masikio mawili.

Hakuna mtu mji ule aliyefunga furushi namna ile. Mama Mashuka akaelewa yote kwa mara moja, na jasho likamtoka. Kitanda kitupu, begi hakuna, ufunguo mezani, mashuka yamefungwa nje ya mlango: nani asingesema wageni wameondoka? Mazoea yana tabu.

Kigari kilikuwa kinapita. Angeweza kunyamaza tu, kikapita. Kibanda kingefungwa, hakuna ambaye angevunjika mkono tena, na mumewe angekaa nyumbani salama salimini. Alichokiomba miezi yote kilikuwa mkononi mwake, pamoja na bisibisi, ambayo bado ilikuwa na joto la mfuko wa mwenyewe. Kigari kikafika mwisho wa ukumbi.

"Simama!" alipaza sauti, watu wakageuka. "Hilo furushi ni langu."

Alieleza kila kitu, amesimama, bila kujipunguzia. Kijana wa mapokezi akajishika mdomo. Mfanyakazi wa usafi akacheka mpaka akaegemea kigari. "Mama, mimi nilijua mmeondoka! Hata nikasema, wageni hawa wana adabu, wamenifungia na mashuka."

Fundi peke yake hakucheka. Mama Mashuka akachukua simu.

"Baba yako hajapotea," alimwambia mtoto. "Amenifikisha na amenirudisha. Aliyeharibu ni mimi."

"Sawa, Mama. Na yule mwalimu je? Naye ulimharibu wewe?"

"Hapana. Mwalimu ni kweli. Ndiyo maana nitakaa kibandani mimi, na hakuna baiskeli itakayotoka kabla sijashika kila nati kwa mkono wangu. Baba yako akikataa, atafunga. Akikubali, wewe ndiye utakayenyamaza."

Walipewa chumba kingine, ghorofa ile ile. Kwenye ngazi Fundi akasimama.

"Lile furushi uliliona linaingia. Mbona ulingoja mpaka likafika mwisho wa ukumbi ndipo ukasema?"

Angeweza kudanganya, na angeaminiwa. "Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Gurudumu."

Fundi akatikisa kichwa polepole, akaendelea kupanda. Hakusema amesamehe, hakusema hajasamehe, na Mama Mashuka hakujua amfuate kwa karibu au amwachie nafasi.

Kitasa cha chumba kipya nacho kilikuwa kinacheza. Fundi alikigusa, akanyoosha kiganja nyuma bila kugeuka. Mama Mashuka akamrudishia bisibisi. Fundi akapiga magoti, akakaza skurubu ya juu, akakaza ya chini, akarudia ya juu. Kisha akasogea pembeni, bado amepiga magoti.

"Haya," alisema. "Kikague."

Mama Mashuka akaweka begi chini, akakishika kitasa kwa mikono miwili, akakitikisa kwa nguvu zake zote za udobi.