Ndege ya Hamida Mvuani Kibamba

Mimi si mtu wa kusifu watu ovyo, na mafundi wenzangu wa Keko wanalijua hilo. Lakini Hamida, fundi wa masofa ambaye banda lake limepakana na langu, namsifu mbele ya yeyote, hata yeye mwenyewe akinuna.

Hamida ana wazimu wa ndege. Si hizi za abiria. Ni ndege ndogo za mbao nyepesi, hazina injini, unazirusha kwa mkono zikaelea zenyewe. Kila mwaka wapenzi wa mchezo huo hukutana kwenye uwanja wa shule kule Kibamba. Kila mmoja anarusha mara moja tu, na ndege itakayokaa hewani kuliko zote ndiyo mshindi. Mwaka jana Wilbert, mwalimu wa Ukonga, alimshinda kidogo tu, na Hamida hakulala vizuri tangu siku hiyo. Mabawa ya ndege yake mpya aliyavika kitambaa cha bitana, akakivuta mpaka kikakaza kama ngoma.

"Safari hii namtoa," alikuwa akiniambia huku akipiga msasa.

Tulipofika Kibamba wingu lilikuwa limetanda. Ndege zilishapangwa kwenye majani, Wilbert amevuka barabara kutafuta chai, nami napeleka mabegi yetu kwenye baraza la shule. Mvua ikashuka ghafla.

Sasa, Keko tuna desturi yetu. Samani zetu zinakaa kando ya barabara, na mvua ikianza hatuulizi kitanda cha nani: unafunika kilicho karibu nawe, na mwenzio atafunika chako. Hamida alinyakua turubai, akaifunika ndege ya kwanza aliyoifikia. Ilikuwa ya Wilbert. Yake ilikuwa upande wa pili wa uwanja, na huko kila mtu alikumbatia ya kwake. Nilipoifikia, bitana ilishakunywa maji.

Tukakaa barazani kusubiri, na mvua haikuwa na haraka. Nilifoka: "Dada Hamida, umerogwa? Umemfunikia mpinzani wako!"

"Mkono umekwenda wenyewe, Jabiri. Niache."

Akaazima jiko la muuza mahindi, akawa anayapitisha mabawa juu ya joto, taratibu, bila kumlaumu mtu. Mie ningekuwa nimeshapigana. Wilbert akarudi amelowa chapachapa, akaikuta ndege yake kavu chini ya turubai la Hamida, asijue atazame wapi.

"Sista, basi mie sirushi."

"Utarusha," Hamida akamjibu kwa ukali. "Nimekuja kushindana, sikuja kupewa."

Mvua ilikatika jioni. Bawa moja la Hamida lilikuwa limepinda, na bitana imelegea. Alirusha hivyohivyo. Ndege ikayumba, ikaanguka kabla ya katikati ya uwanja. Ya Wilbert ilielea mpaka shingo zikatuuma, na aliyempigia makofi kuliko wote alikuwa Hamida.

Tukitembea kwenda kituoni nikamwambia amefanya uungwana, wengi wangejifanya hawaoni.

"Usinisifu," akanikata. "Nimejuta. Nilitaka kushinda, Jabiri. Nilitaka sana."

Machozi yakamtoka, asiyafute. Nikanyoosha mkono nimbebee ndege yake, ingawa hajawahi kumruhusu mtu aiguse. Akanipa.