Nafasi Yangu Kwenye Mtumbwi wa Ziwa Jipe

Subira yangu iliisha uani kwa bosi, mtaa wa Soweto mjini Moshi, asubuhi ya safari, mitumbwi ikiwa imeshafungwa juu ya gari.

"Mama, kuna mabadiliko kidogo," bosi alisema. "Ziwa Jipe huendi. Shemeji yangu atachukua nafasi yako."

"Shemeji yako anajua kuogelea?"

"Atajifunza hukohuko."

"Atafundishwa na viboko?"

Dereva akacheka. Bosi hakucheka. "Wewe una mtoto mdogo. Ukizama, nitamwambia nini mumeo?"

"Na shemeji akizama, mkeo utamwambia nini?"

Nilitupa kafi chini, likagonga ndoo, watalii wa kizungu waliokuwa wakisubiri wote wakageuka. Miaka ile kila mwenye gari Moshi alikuwa anafungua kampuni ya watalii. Mimi nilikuwa mpishi wa kampuni ya bosi, lakini nilikulia kando ya bwawa la Nyumba ya Mungu, napiga kafi tangu darasa la pili, na bosi mwenyewe aliniahidi mtumbwi wa mbele. Ningerudi mwongozaji, siyo mpishi tena. Kwa ajili ya safari hiyo nilimwachisha binti yangu kunyonya kabla ya wakati. Nilijipaka shubiri, nikajifunga kanga kifuani, akalia, nami nikalia. Halafu mtu ananiambia mabadiliko kidogo!

Nilipanda mlimani, Kilema, kwa mama mkwe, aliyekuwa amebaki na mtoto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umerudi?"

Nikamweleza. Alisikiliza huku anamenya ndizi, kisha akasema, "Nawa hiyo shubiri, umnyonyeshe. Hasira utaendelea nayo akishashiba."

Nikaendelea nayo kweli. Kila niliyekutana naye sokoni nilimwambia nakwenda kwa afisa kazi. Habari zikamfikia bosi. Waliporudi safarini, shemeji akiwa amepindua mtumbwi kwenye matete na kutolewa analia, bosi alikuja Kilema na baba yake mdogo, ameshika jani la isale.

Kwetu Wachagga jani hilo halikataliwi. Anayekuletea amekiri kosa, nawe unasamehe, upende usipende. Nikalipokea kwa mikono miwili.

"Nimesamehe," nikasema, na nilimaanisha.

"Basi yameisha," bosi akasema, anatabasamu.

"Kati yetu yameisha, kaka. Safari ijayo napanda mtumbwi?"

Akamtazama baba yake mdogo. "Hayo tutaona, mama."

Kumbe alidhani isale linafunga mdomo! Walipotoka, mama mkwe akaniambia, "Umesamehe, umefanya vizuri. Kesho nenda mjini, mtoto niachie."

Huko mjini afisa kazi alishangaa. "Umepokea isale, mama, na bado unalalamika?"

"Isale ni la safari iliyopita. Mimi nalalamikia ijayo."

Akacheka hadi akavua miwani, akanisogezea karatasi. Niliandika kwa mkono wangu:

"Nalalamika kwamba niliondolewa safarini kwa sababu nina mtoto, wakati kazi naiweza na mwajiri wangu anajua. Aliyenikosea nimeshamsamehe na sitaki aadhibiwe. Naomba aagizwe kunipa mtumbwi wa mbele safari ijayo. Afisa yeyote akitaka kuhakikisha uwezo wangu, niko tayari kumvusha Ziwa Jipe siku atakayochagua mwenyewe."