Nilimfanya Adeer Mwongo kwa Kifaru cha Plastiki

Kosa ni langu. Sitaki mtu aniambie pole, wala aniambie sikujua. Mzee mwenyewe alikuwa kwangu, nakula naye sahani moja, na sikumsikiliza. Nikikumbuka nasaga meno.

Nafanya kazi ya ofisi hapa Garissa, naishi mtaa wa Iftin. Starehe yangu ni kuunganisha vifaru vya kivita vya plastiki, vile vinavyokuja vipande vipande ndani ya boksi. Nahesabu mpaka pingili za minyororo. Jamaa zangu waliniita mtaalamu, na jina hilo likanilevya.

Adeer, yaani ami yangu kwa Kisomali, mdogo wa marehemu baba, ndiye niliyekuwa nikikaa naye. Ujanani alikuwa askari ng'ambo ya mpaka, akapelekwa Urusi kusomea udereva wa vifaru. Siku moja akaniomba nimtafutie mfano wa kile alichojifunzia, kifaru kizito cha Kisovieti chenye mzinga mrefu. Jina alishalisahau. Akakichora kwa kidole kwenye vumbi la ua: pua imechongoka, na mlango wa dereva uko juu ya kichwa chake.

Niliutazama mchoro kwa adabu tu. Moyoni nilishachagua kifaru aina ya IS-2, kwa sababu ndicho kizito ninachokijua. Nikalinganisha maboksi ya kampuni mbalimbali, nikasoma maoni ya wanunuzi, nikapima mzinga kwa rula. Usahihi wote huo, na sikumwonyesha hata picha nikamuuliza, "Adeer, ni hiki?"

Siku ya Idd, ndugu wamejaa sebuleni, nikamwekea mbele yake kikiwa kimeshapakwa rangi. Akakigeuza, akakipapasa mbele, akasema sicho. Pua hii ni butu, na dereva atatokea wapi?

Kiburi kikanipanda. Nikamjibu watu wote wakisikia, "Adeer, kifaru hiki dereva hana mlango wake. Labda wewe ulikiona kwenye picha tu."

Wakacheka. Wapumbavu! Na mpumbavu mkubwa ni mimi niliyewapa la kuchekea. Haikupita wiki, binamu zangu wakawa wanamwita Dereva wa Picha. Mzee hakubishana na mtu. Alifunga mkoba wake akahamia kwa binti yake huko Kutulo, na habari za Urusi hakuzitaja tena.

Miezi ikapita. Nikitafuta boksi lingine la kununua, nikakutana na IS-3. Pua imechongoka. Mlango wa dereva uko juu ya kichwa chake. Wallahi, ni mchoro ule ule wa mzee. Nilichukua nyundo nikakiponda kile cha kwanza, kana kwamba plastiki ndiyo iliyosema yale maneno.

Nikaagiza IS-3, nikakiunganisha, nikasafiri nacho hadi Kutulo. Macho ya Adeer yalikuwa yameshadhoofika. Alikipapasa polepole, kidole kikafika penye mlango wa dereva, kikatulia hapo.

"Ndicho," akasema.

Nikamwomba radhi. Akasema, "Mimi nimekusamehe. Sasa nenda uwaambie wale uliowaambia."

Nimejaribu. Waliocheka wametawanyika, mmoja yuko Buna, wengine hata simu hawapokei. Niliowapata wananiambia ulikuwa mzaha, niache kuukuza. Mzaha! Mzee amenyang'anywa ujana wake wote, wao wanauita mzaha.

Juzi, kwenye soko la mifugo, nimemsikia mchuuzi nisiyemjua akigombana na mwenzake juu ya umri wa ngamia. Akamwita Dereva wa Picha. Hamjui Adeer, hanijui mimi. Kwake hilo sasa ni jina la mwongo yeyote. Nilisimama pale, nikakosa wa kumpiga isipokuwa nafsi yangu.

Ndiyo maana nimeandika hapa. Wewe unayejiita mjuzi, mtu akikwambia alikuwepo, funga mdomo kwanza umuulize. Neno ukilitoa mbele za watu, linakwenda usikokujua. Mimi bado nalikimbiza, na halinisubiri.