Fundi Ngoja na Sauti ya Mwalimu

Jina lake la kuzaliwa nililiona mara moja kwenye bahasha, na nimelisahau. Mtaa mzima tunamwita Ngoja. Ukinyoosha kidole kugusa simu iliyo mezani kwake, kabla kidole hakijafika ameshasema, "Ngoja." Analisema kwa upole, hata kichwa hainui. Tumefanya kazi chumba kimoja miaka sita, mimi upande wa dirishani na cherehani yangu, yeye upande wa ukutani na nyaya zake, katikati pazia la maua nililolishona mwenyewe. Katika miaka hiyo sita nimeambiwa ngoja mara nyingi kuliko nilivyoambiwa asante.

Mimi si mtu wa kungoja, na niseme mapema msije mkanishangaa huko mbele. Mteja akichelewa kuja kupimwa, nampima kwa kumbukumbu na kukata kitambaa. Mara nyingi napatia. Marehemu mama alikuwa akisema mikono yangu ilizaliwa kwanza, kichwa kikafuata siku ya pili.

Mafundi simu wengine wa mtaani kwetu kazi yao ni vioo na betri. Ngoja naye anabadilisha vioo na betri, maana mtu lazima ale, lakini kazi inayomfanya apige mluzi ni kuruti simu. Nilipomuuliza kuruti ni mdudu gani, alinijibu huku akipuliza vumbi kwenye bisibisi.

"Dada, ukinunua simu unapewa ufunguo wa sebule na wa jikoni. Funguo za stoo anabaki nazo aliyeitengeneza. Kuruti ni kuchukua funguo zote za nyumba uliyoinunua mwenyewe."

"Kwa hiyo wewe ni mwizi wa funguo."

"Mwizi ni yule aliyekuuzia nyumba akabaki na funguo."

Nikarudi kwenye pindo langu. Baadaye ndipo nilipomjua zaidi. Wapo mafundi ambao simu ya mtu ikishafunguka wanajisomea barua na kujitazamia picha, kisha wanahadithiana. Ngoja hafanyi hivyo. Anasema mwenye funguo zote ndiye anayetakiwa kupiga hodi kuliko wengine. Kwa sababu ya neno hilo nilimkabidhi simu ya baba.

Baba ni mwalimu. Alistaafu, lakini hakuacha. Jioni alikuwa akifundisha watu wazima kusoma, kwenye ukumbi mdogo nyuma ya posta. Miaka mitatu iliyopita koo lake liliota uvimbe, na daktari akatuambia bila kuzunguka kwamba uhai utabaki ila sauti itakwenda. Walimpa wiki mbili kabla ya upasuaji. Baba akaingia chumbani kwangu, akatundika mablanketi madirishani kuzuia kelele, akaanza kujirekodi kwenye simu, sentensi moja moja, ndani ya programu ambayo ukibonyeza kitufe inasema sentensi uliyochagua. Alirekodi sentensi mia nne na kumi na mbili.

Mnadhani alirekodi nini? Mimi nilitegemea maneno ya nyumbani. Baba alirekodi darasa. "Someni pamoja." "Herufi hii inaitwaje?" "Usimcheke mwenzako, wewe jana ulikuwa hapo hapo." Hata "chumvi imezidi" hakurekodi, ikabidi tujifunze kumsoma nyusi mezani. Lakini alirudi darasani, akasimama mbele na simu mfuko wa shati, kidole kwenye kitufe cha pembeni, na sauti yake ile nene ikatoka kifuani kama zamani. Wanafunzi walilia siku ya kwanza. Siku ya pili walianza kuchelewa kama kawaida, naye akabonyeza sentensi ya wachelewaji.

Tatizo ni kwamba aliyeitengeneza programu ile aliitelekeza. Simu ikawa inaikataa kila uchao: mara haiwezi kushika vitufe vya pembeni, mara haifunguki kabisa. Ngoja aliiruti simu, akaipandikiza programu huko ndani kabisa, ikatii. Akamwambia baba, "Mwalimu, niruhusu ninakili sauti zako niziweke na pengine. Zimo kwenye stoo, sasa naweza kuzifikia." Baba akatoa kijidaftari chake anachoandikia mazungumzo, akaandika kwamba sauti yake si nyimbo za kugawiana. Ngoja akasoma, akasema sawa, na hakuzigusa. Mimi ningezinakili nikanyamaza. Ndiyo maana funguo anazo yeye, sina mimi.

Sasa, simu iliyorutiwa ina adui mmoja, naye ni sasisho. Mfumo mpya ukija unabadilisha vitasa vyote, na funguo zako zinabaki za nyumba ya zamani. Wengi wanaoruti huogopa, wakazuia masasisho miaka nenda rudi, hadi simu inakuwa gofu ambalo kila mhuni anaingia. Ngoja hakubali hilo. Ana daftari, kila simu aliyoiruti ina ukurasa wake, na namba ya mfumo wake imeandikwa kwa penseli ili sasisho likija aifute na kuandika mpya. Kila sasisho analipitisha mwenyewe, hatua kwa hatua.

Hatua zenyewe alinieleza mara nyingi, na kosa langu ni kwamba nilidhani nimezielewa. Simu ya aina ile ina vyumba viwili. Unaishi kimoja, kingine kinakaa kitupu. Sasisho linapangwa kwenye kile kitupu wakati wewe unaendelea na maisha yako. Kwanza Ngoja anarudisha faili la asili la kuwashia simu, lile analolitia funguo zake, ili sasisho likubali kuingia. Kisha anaacha lijipange. Likimaliza, simu inakuomba uizime na kuiwasha upya ili uhamie chumba kipya. Hapo ndipo pa kungoja. Kabla ya kuiwasha upya, lazima apeleke funguo kule mbele. Ukihama bila funguo, umeshafungiwa nje ya stoo yako.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, baada ya chakula cha mchana. Programu ya ujumbe ya darasa la baba ilikuwa imeanza kugoma kwenye mfumo wa zamani, na sasisho lilikuwa limefika. Baba aliiacha simu asubuhi, nami nikamwahidi kwamba saa kumi ataikuta tayari, maana saa kumi na moja ana darasa. Ngoja alianza vizuri. Sasisho likawa linajipanga polepole, naye akaitwa nje na mteja aliyekuja na redio yake kwenye toroli, mzigo usiobebeka na mtu mmoja.

Nilinyanyua pazia kuangalia saa yake ya ukutani. Simu ilikuwa imewaka, na maandishi makubwa yameandikwa: Sasisho limekamilika. Chini yake kuna kitufe cha bluu: Anzisha upya sasa. Saa tisa na nusu. Nikawaza, huyu naye na redio zake, baba atakuja akute simu bado. Nikabonyeza.

Kiherehere changu hicho. Ngoja aliporudi na upande mmoja wa ile redio mikononi, aliiona simu inazungusha alama ya kuwaka, akasimama mlangoni. Aliiweka redio chini, akasubiri simu iwake, akagusa programu ya sauti. Haikufunguka. Akajaribu kwenye stoo. Imefungwa.

"Sauti zimefutika?" nikauliza.

"Hazijafutika. Zimo humo humo. Ila hatuzifikii, na kuna njia moja tu ya kurudi bila kuzipoteza. Nyingine zote zinafagia nyumba nzima."

Alihitaji faili la kuwashia la mfumo ule mpya, lenyewe hasa, namba kwa namba. Akapekua kwenye kompyuta yake mpaka baba akaingia. Mfumo ulikuwa mpya mno. Kiwanda kilikuwa kimetuma sasisho kwenye simu lakini furushi kamili lenye faili hilo kilikuwa bado hakijaliweka mahali pa kupakua.

Baba alisimama, mkono ameunyoosha kupokea simu yake. Nilirudi kwenye cherehani yangu.

"Shikamoo, Mwalimu," Ngoja akasema. "Nimekosea mimi. Niliiwasha upya kabla ya kupeleka funguo. Nipe siku chache."

Baba akaandika: Sauti?

"Ipo. Nitaitoa."

Baba alimtazama, halafu akanitazama mimi. Nilikuwa najaribu kutunga uzi kwenye sindano ambayo tayari ilikuwa na uzi.

Hakwenda darasani siku ile, wala Jumatano. Alikaa kwenye kiti chake nyumbani, kijidaftari kikiwa kimefungwa magotini, na nyusi zake, ambazo sote tulishajua kuzisoma, hazikusema chochote. Mimi nina hasira za karibu, watu wa nyumbani wamezizoea, lakini kujikasirikia mwenyewe sijazoea na nawaambia kunachosha. Usiku sikulala. Nilikuwa nimemnyamazisha baba yangu kwa mara ya pili, na safari hii si ugonjwa, ni kidole.

Jumatano asubuhi nilimvaa Ngoja kazini.

"Si umesema vyumba viwili? Kile cha zamani bado kipo. Turudi tu."

"Kipo. Lakini vitu vya ndani vimeshaguswa na mfumo mpya. Cha zamani kinaweza kuvikataa, halafu kikatuambia tufute vyote tuanze upya. Na mimi kufuta sauti ya mtu siwezi, dada."

"Kinaweza kukubali pia."

"Kinaweza."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, fundi."

"Acha liumie. Tumbo linapona."

Kila baada ya saa moja aliangalia kama faili limewekwa. Katikati alibadilisha vioo vitatu. Mimi nilishona sketi nikaunganisha mkono pasipo na mkono, nikafumua. Mchana nilipiga moyo konde nikamuuliza kwa nini alijitwisha kosa langu. Alikuwa akilehemu, hakuinua kichwa.

"Simu ilikuwa mezani kwangu," akasema. "Mimi ndiye niliyeiacha peke yake na wewe."

Nilicheka, halafu nikagundua nalia, nikajifuta kwa kipande cha bitana.

Faili lilitokea Alhamisi, saa nne asubuhi. Ngoja alinitumia mtu niache nilichokuwa nanunua dukani nirudi. Nilimkuta ameshalifungua lile furushi kubwa na kutoa faili dogo la kuwashia, ameshalitia funguo, lakini hajagusa simu. Akanipa daftari na penseli.

"Wewe soma namba kwenye simu, mimi nasoma kwenye faili. Moja moja. Usikimbie."

Tulisoma. Ilikuwa namba ndefu yenye herufi katikati, na tulirudia mara tatu kwa sababu alitaka mara tatu. Nikaiandika mwenyewe kwenye ukurasa wa baba, chini ya ile iliyofutwa.

"Sasa sikiliza," akasema, akichomeka waya. "Hatuandiki kitu ndani bado. Tunaiwasha simu kwa faili hili kwa kuazima tu. Likikataa, tunaizima, inarudi ilivyo, hakuna kilichopotea."

Alama ya kiwanda ikatokea kwenye kioo. Ikabaki. Ikaendelea kubaki. Dakika moja ni ndefu sana ukiitazama kwenye kioo cha simu. Nilihisi mikono inaniwasha ifanye chochote, ichomoe waya, ibonyeze kitu, basi nikaikalia. Ngoja alinitazama nilivyokalia mikono, akatabasamu kidogo, akarudi kutazama kioo. Dakika ya pili. Ya tatu. Kisha alama ikaondoka, na picha ya darasa la baba, ile aliyoiweka nyuma ya kioo, ikajitokeza na watu wake wote.

Stoo ilikuwa wazi. Ngoja akaziandika funguo ndani kwa kudumu, akaizima, akaiwasha, na programu ya sauti ikafunguka na orodha yake: mia nne na kumi na mbili. Nilitaka kubonyeza moja nisikie. Sikubonyeza. Na Ngoja hakubonyeza.

Nilimfuata baba nyumbani kwa miguu, nikarudi naye nikiwa nimemshika kiwiko, ingawa anatembea vizuri kuliko mimi. Alikaa kwenye kiti cha wateja. Ngoja akampa simu kwa mikono miwili.

"Mwalimu, zimerudi zote. Ila nakuomba tena niruhusu ninakili. Sitasikiliza hata moja."

Baba alifikiri. Akafungua kijidaftari, akaandika, Nakili, akapiga mstari chini yake. Kisha akashuka kwenye orodha kwa kidole gumba, taratibu, akipita sentensi anazozijua. Akasimama kwenye moja. Akabonyeza.

"Nani amefanya hivi?"

Sauti ile ilijaza chumba, nene, ya mbele ya darasa. Ngoja akakohoa.

"Mwalimu, nilishakwambia, ni mi…"

Nikanyoosha mkono juu. Sijui kwa nini sikusema kwanza. Mkono ulikwenda wenyewe, wima, vidole pamoja, kama alivyotufundisha.

"Ni mimi, Baba," nikasema. "Fundi alinifichia. Niliona kitufe nikakibonyeza, halafu nikaogopa kukwambia. Nisamehe."

Baba hakushangaa. Alirudi kwenye orodha, akatafuta muda mrefu, na mimi nikatafuta pamoja naye kichwani sentensi zote za adhabu nilizozisikia utotoni. Akabonyeza.

"Umesema kweli. Kaa chini."

Hapo ndipo nilipojua kwamba nilikuwa nimesimama. Nikakaa.