Kioo cha Kufukuzia Mwewe

Mwezi wa nane mwewe hurudi Likasi. Nyasi za vilimani zimekwisha kuungua, moshi bado unanuka kwenye nguo, na siku moja unasikia mluzi wao mrefu wa kutetemeka juu ya mapaa ya Kikula, mtaa wetu. Watoto hufurahi. Wanawake hukimbia nyuma ya nyumba kuhesabu kuku.

Mwaka ule, wa pili tangu wakubwa waseme kwamba Katanga ni nchi peke yake, nilikuwa na kuku sita na mtoto mmoja, na kuku wale walikuwa wa mtoto. Naeleza hili mwanzoni kwa sababu mpaka leo kuna watu wa avenue yetu wanaodhani nilileta fujo yote ile kwa ajili ya nyama.

Binti yangu alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Maziwa yangu yalikuwa yamekauka. Maziwa ya kopo yalipotea madukani, maana barabara ya Élisabethville ilikuwa inafungwa na kufunguliwa kama mlango wa baa. Nikabaki na uji wa mahindi, asubuhi uji, jioni uji. Miguu yake ikavimba, nywele zikageuka rangi ya kutu, kisha akaacha kulia. Ukimweka chini anakaa, ukimnyanyua ananyanyuka, hasemi kitu. Huko kuacha kulia ndiko kulikonitisha. Muganga wa dispanseri alibonyeza mguu wake kwa kidole, shimo likabaki palepale. Akaniambia mtoto anataka yai, kila siku kama naweza, na kama siwezi nisirudi kwake kuomba dawa kwa sababu dawa hana. Nilimchukia siku ile. Lakini alisema kweli.

Mayai sokoni hayakuwepo. Mume wangu akapanda kinga yake, baiskeli, mpaka Kapolowe kwa mama yake, akarudi na matetea sita ndani ya kikapu, kuku wa kike wakubwa wa kutosha lakini hawajaanza kutaga. Mama mkwe alituma neno kwamba mvua ikishika vizuri watataga. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa moja tu, kuwafikisha wale kuku kwenye mvua.

Nilidhani nitaiweza kuliko wanawake wengine, kwa sababu mimi nilisoma. Shuleni tulikuwa na mtawa wa Kibelgiji aliyetufundisha sayansi. Tulimwita masere, kama watawa wote. Siku za alhamisi alitupandisha kilimani nyuma ya shule kutazama ndege wakali, wale wanaokula nyama. Wasichana tulicheka sana. Nani anapanda kilima kumtazama mwizi wa kuku? Alikuwa na darubini moja tu, tukapokezana, na kila mmoja alipaswa kusema kwa sauti alichokiona. Ukisema "mweusi" anakukemea. Jua likiwa nyuma, alisema, kila ndege ni mweusi. Angalia mkia kwanza. Mkia uliopasuka katikati ni mwewe, mgeni, anafika wakati wa moto na kuondoka mvua zikiisha. Mkia uliofunguka kama pepeo ni wale wanene wanaokuja na mvua kutoka Urusi. Halafu wanafuata kozi wadogo wenye miguu myekundu, wanaokula inswa, kumbikumbi wale tunaokaanga sisi pia. Na wako wenyeji, wasiokwenda popote. Hao, alisema masere, hamtawaona, kwa sababu wanawajua ninyi kuliko mnavyowajua wao.

Wazungu walipokimbia, naye alikimbia, na darubini yake. Sikwenda kumuaga. Nilikuwa na mtoto wa miezi mitatu.

Tetea wa kwanza alipotea mwezi wa nane huohuo. Manyoya machache tu kando ya jiko. Juu kulikuwa na mwewe wanazunguka, avenue nzima ikasema ni mwewe, na mimi msomi nikasema ni mwewe. Kisha ukaja mwezi wa tisa, mizinga ikapigwa upande wa makofia ya bluu, askari wa Umoja wa Mataifa, nyumba zikatikisika siku baada ya siku, na kioo changu cha harusi kikaanguka ukutani kikavunjika. Sikukisikitikia. Nilichukua kipande kikubwa, nikakifunga kwa waya kwenye ncha ya mti mrefu, nikausimamisha katikati ya lupango, kiwanja cha nyumba yetu. Wanawake wengine walikuwa wanatundika vifuniko vya makopo, lakini kioo ni kitu kingine. Upepo ukipiga kidogo kinageuka na kutupa jua mpaka kule juu. Mwewe walikuwa wakishuka, kinawamulika, wanapinda mabawa na kwenda zao. Nilijivuna sana.

Tetea wa pili akapotea kioo kikiwa juu.

Sasa kama si mwewe, ni nani? Nyuma ya ua wetu wa matete alikaa mzee mmoja, mfanyakazi wa siku nyingi wa kiwanda cha shaba, mke wake alikufa, anapika mwenyewe. Jumapili ile jiko lake lilinuka kuku. Hilo lilinitosha. Nilisimama kwenye ua na mtoto mgongoni nikamwita mwizi, tena si kwa sauti ndogo, na nikamwambia kwamba anamla mtoto wangu mfupa kwa mfupa. Majirani walitoka nje kusikiliza. Mzee alikuja mpaka kwenye ua akiwa na kijiko mkononi. Alisema kuku wake alitoka kwa shemeji yake na kwamba katika miaka yake yote Kikula hakuna mtu aliyewahi kumwita jina lile. Kisha akaingia ndani.

Baada ya hapo askari wa Katanga wakaja, watatu kutoka kwenye kizuizi cha barabara, na sajenti wao mbele. Siku zile waliogopa avioni, ndege za vita za makofia ya bluu, kuliko kitu chochote. Mtu akitandaza shuka jeupe juani anaulizwa analitandazia nani. Sajenti hakusalimia. Alikitazama kioo kinavyogeuka, akafunga macho jua lilipomchoma, akaniuliza ni nani alinifundisha kuita avioni.

Nikamwambia kinafukuza mwewe.

"Mwewe anaogopa kioo?"

"Anaogopa. Na weye umeogopa."

Najua. Mume wangu ameniambia mara nyingi. Sajenti aliinua mkono, akaona miguu ya mtoto imening'inia kiunoni mwangu, imevimba kama ya mtu mzima, akaushusha. Lakini walinipeleka kwenye kizuizi pamoja na mtoto na mti na kioo, nikakaa juani mpaka saa za jioni nikijibu maswali yaleyale. Niliwaambia juu ya masere na alhamisi na mikia. Huko ndiko nilikoharibu kabisa, maana sasa kukawa na Mubelgiji na darubini ndani ya habari. Mwisho alikuja mkubwa mmoja aliyechoka, akasikiliza kidogo, akasema huyu ni mama wa kuku, mpelekeni nyumbani. Mti nilirudishiwa. Kioo kilibaki kwao. Sajenti alinisindikiza mpaka kwenye lupango, akakamata tetea mmoja, akasema ni kwa ajili ya enkete, uchunguzi wao. Mpaka leo sijasikia enkete ile iliisha namna gani.

Walibaki watatu.

Mume wangu alirudi kutoka kazini akakaa karibu na redio, akasema, "Nilikuambia chunga kinywa chako." Nikamuuliza kama anataka kulala nje. Siku ya pili yake mzee wa nyuma hakujificha. Alisimama kwenye ua uleule akakiri mbele ya watu:

"Minye njo nilisema kwa askari. Kama niko mwizi, acha nikuwe na mudomo pia."

Niligeuka nikaingia jikoni nimejaa hasira. 

Bila kioo, ilibidi nikae mwenyewe. Nikaweka mkeka mlangoni mwa jiko, mtoto kati ya miguu yangu, mfuniko wa sufuria na kijiti mkononi, nikatazama. Na kwa kuwa sikuwa na kitu kingine cha kufanya, nikatazama kama tulivyofundishwa, mkia kwanza. Mwewe, mwewe, mwewe. Mmoja alishuka na kuokota matumbo ya samaki niliyoyatupa. Mwingine aliondoka na panya aliyekufa. Walipita juu ya matetea wangu mara nyingi, na matetea hawakujali. Kivuli kikipita, wanainua jicho moja, wanarudi kuchakura. Nilianza kupata wasiwasi. Tetea mkubwa vile ni mzito kwa mwewe. Mwewe anachukua vifaranga. Hilo nililijua tangu shule, na nilikuwa sijaliuliza hata mara moja.

Siku ya tatu, baada ya jua kupita kichwani, hewa ilikuwa tupu kabisa. Hakuna hata mwewe mmoja. Ghafla matetea wote watatu wakalala chini, kimya, shingo zimenyooka ardhini. Nikapiga mfuniko bila kujua napigia nini. Kitu kikapita kati ya nyumba yetu na ya mzee, si juu, hapana, chini, urefu wa ua, kasi kama jiwe lililotupwa, kikageuka kwa kelele ile na kutua juu ya matete. Mgongo mweusi, kifua cheupe, miguu ya njano mirefu. Mkia mrefu wenye mistari, haukupasuka popote. Alinitazama kwa jicho jekundu kama mtu anayejiuliza mimi nafanya nini pale, kisha akarudi alikotoka, kwenye mikaratusi mirefu iliyo mwisho wa avenue yetu, mita chache kutoka mlangoni kwangu. Mwenyeji. Kipanga ambaye alikuwa amekaa pale kila siku wakati avenue nzima, wanawake na askari, tumekaza shingo kutazama mawinguni.

Nilikwenda kwa mwenye duka wa kona, Muislamu ambaye wazee wake walitoka upande wa Maniema. Aliuza chumvi, vitambaa, na nyavu kwa wavuvi wa Kapolowe. Nilimwomba wavu mkuukuu, hata uliochanika. Alinitolea mmoja chini ya magunia akasema, "Chukua, binti yangu. Ila uniambie, humo ndani mwako munavuliwa samaki gani?" Nikamwambia samaki wa miguu ya njano. Alicheka mpaka akakohoa.

Niliutandaza kutoka ukutani mwa jiko mpaka kwenye ua, matetea chini yake. Haikuchukua siku nyingi. Nilikuwa nasonga bukari, ugali wetu, nikasikia mlio mkali, kakakaka, nikatoka na mwiko mkononi. Alikuwa amening'inia kichwa chini, kucha zimeshika nyuzi, bawa moja limepita kwenye tundu. Alikuwa mkubwa, bila shaka jike, maana masere alisema kwa ndege hawa jike ndiye mkubwa. Nilijua pia kwamba huo ulikuwa wakati wao wa kulea, na masere angesema tumfungue, tumpeleke mbali, tumwachie. Masere hakuwa na mtoto. Nilimpiga kwa mwiko, mara ya kwanza vibaya, mara ya pili vizuri.

Nikamfunga kwa waya uleule kwenye ncha ya mti uleule uliorudi bila kioo, nikausimamisha. Watu wakaja kutazama. Mzee naye akaja kwenye ua.

"Ulikamata mwewe," alisema.

"Haiko mwewe. Angalia mukia."

Aliangalia muda mrefu. Hakuwa mjinga, yule mzee.

"Njo huyu aliiba?"

"Njo huyu."

"Na minye, uliniita mwizi mbele ya bantu bote."

"Na weye ulinipeleka kwa askari na mutoto mugongoni."

Mzee alimtazama tena yule ndege. Kisha akasema matetea wakitaga nimpe yai moja, maneno yaishe.

"Yai ni ya mutoto."

"Basi ile ya pili."

"Ile ya pili pia."

Alimtazama binti yangu, aliyekaa mlangoni na miguu yake ile, hatikisiki, hatazami ndege wala watu. Mzee akaenda zake. Jioni alirusha juu ya ua kifungu cha matawi ya miiba, ya kuziba pale ambapo wavu ulikuwa mfupi.

Mvua ilishika. Wanene wa Urusi walipita juu sana, mikia imefunguka, na baada ya mvua kubwa ya kwanza inswa walitoka ardhini, avenue nzima tukawa nje na mabeseni. Juu yetu kozi wadogo walijaa, wanawadaka kwa miguu na kula wakiruka. Kwenye kizuizi askari walipiga risasi mbili tatu hewani, sijui walidhani nini. Sikuinua kichwa sana. Nilimkaangia mtoto inswa, akala kidogo.

Siku chache baadaye, tetea mwekundu alipiga kelele asubuhi. Yai lilikuwa dogo, na damu kidogo kwenye ganda. Nililichemsha, nikaliponda kwa kijiko, nikamlisha taratibu. Akameza. Akameza tena. Kijiko kilipotoka kitupu alikitazama, akanitazama mimi, akafungua kinywa na kuanza kulia. Alilia kwa nguvu, alirusha miguu, alikamata kitambaa changu akataka kijiko kingine cha yai, na hakikuwepo.

Mzee akaita kutoka nyuma ya ua kwamba mtoto analia, kwamba watu wanataka kulala baada ya kazi ya usiku, kwamba nimnyamazishe.

Nikamwambia, "Acha alie."