Picha ya Benchi la Sauna

Tauno Kekäläinen, fundi wa lifti wa hapa mjini Kuopio, alikuwa na aibu ya ajabu. Akimwona jirani anakuja, anajifanya anakagua lifti, hata kama yuko likizo. Ila Jumamosi zamu yake ya kuoga mvuke kwenye sauna ikifika, huko chini ya jengo letu, akishayamwagia maji mawe ya moto na mvuke ukapanda, basi huongea na mawe mpaka koo limkauke.

Sasa mwenyekiti wetu, Raimo, akaleta wazo: sauna ivunjwe, iwe chumba cha baiskeli. Kura ingepigwa kwenye mkutano wa wakazi. Wapenda sauna wakamchagua Tauno awasemee, kwa sababu hakuwepo kukataa.

Akajitengenezea slaidi, kila neno kaliandika humo ili asifungue mdomo. Akamwonyesha Aune, jirani yake mjane aliyeuza mikate iliyookwa na samaki ndani yake sokoni miaka na miaka.

“Tauno, hii ni slaidi au karatasi ya ndani ya boksi la dawa?”

“Kila kitu kimo. Mabomba, joto, historia…”

“Sasa yote yakiwa ukutani, wewe utasimama pale kufanya nini? Kushikilia ukuta?”

“Ningependa hivyo.”

“Thubutu! Mtu akisoma hasikii. Mimi sokoni nilikuwa naweka mkate mmoja, nimeukata katikati, mvuke unatoka. Maneno nayasema mwenyewe. Weka picha moja, kubwa. Mengine sema kwa mdomo wako, bwana.”

Akafuta yote. Ikabaki picha ya benchi la juu la sauna.

Siku ya mkutano Raimo alitangulia. Jamani! Herufi ziliruka, mishale ikazunguka, baiskeli zikapita ukutani zikipiga kengele. Naye katugeuzia mgongo, anasoma mstari kwa mstari. Sisi tulishamaliza kusoma, tukawa tunakoroga kahawa isiyo na sukari.

Akaja Tauno. Benchi likajaa ukuta mzima, pamoja na alama nyeusi ambazo makalio yetu yameziacha kwenye mbao. Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Aune akafumba macho.

Kwetu mtu akinyamaza hasukumwi, kwa hiyo tulikaa tukitazama picha. Tukatazama sana. Mwishowe mzee Hannes wa ghorofa ya kwanza akanyoosha kidole.

“Ile ya pembeni ni yangu.”

“Yako wapi, mzee!” mkewe akamrukia. “Hebu ona upana wake. Ile ni ya Raimo!”

“Mimi?” Raimo akasimama. “Haiwezekani!”

“Pima basi!”

Raimo akaenda mbele kwa hasira, akajibana kinyumenyume ukutani, magoti yakiwa yamekunjwa, mwanga wa projekta machoni. Akasogea kidogo kushoto.

“Inanienea,” akasema taratibu.

Hapo ndipo sauti ya Tauno ilipotoka.

“Baiskeli hazina makalio.”

Kura zikapigwa. Sauna ikabaki; hata Raimo aliinyooshea mkono, akiwa bado amechuchumaa ukutani.

“Nilikwambia uongee,” Aune alilalamika wakitoka.

“Si nimeongea?”

“Maneno matatu!”

Jumamosi iliyofuata nilipita karibu na mlango wa sauna, nikamsikia Tauno ndani anayatolea mawe hotuba nzima aliyoshindwa kuitoa mkutanoni. Alikuwa amefika kwenye mabomba.